SOMO LA KUMI NA MOJA: NGUVU, MAPENDO, NA MOYO UNAOWEZA KUGEUKA

(Mafundisho ya dini kwa njia ya redio, Kindu)

Tumsifu Yezu Kristu.



Katika somo lililopita tulifundishana juu ya amri ya tano, ya kuwa uhai wa mtu ni mali ya Mungu, wala hapana mwenye ruhusa ya kuuondoa kwa kupenda kwake. Tulikusudia leo kusonga mbele na amri inayofuata. Lakini barua moja imetufikia, nayo imetusimamisha njiani. Hatutalitaja jina la aliyeiandika, wala kijiji chake. Ni mama mmoja, Mkristu tangu usichana wake. Anatuambia ya kuwa katika vita vilivyoanza mwaka 1998 watu wenye bunduki waliingia kijijini kwao usiku, wakawakamata vijana ili kuwabebesha mizigo. Kijana wake wa kwanza alikuwa miongoni mwao, naye hakurudi. Kati ya wale wenye bunduki alikuwamo mmoja ambaye mama huyu alimtambua kwa sura, mwana wa kijiji cha jirani. Leo yule kijana amekuwa mtu mzima, ana mke na watoto. Na mwaka huu ameketi katika benchi la wakatekumeni. Anataka kubatizwa siku ya Pasaka.

Mama anatuuliza maneno matatu. La kwanza: Mtu wa namna hii aweza kugeuka kweli? La pili: Mungu Mwenyezi alikuwa wapi usiku ule? La tatu: Siku ile tutakapopeana amani, naye akaninyoshea mkono, nifanye nini?

Ndugu wapendwa, barua hii tumeisoma mara nyingi. Si barua ya kujibiwa upesi. Tumeona ni afadhali kuliacha somo lililotayarishwa, tujifunze pamoja na mama yetu huyu.

1. Nguvu ni kitu gani?

Tuanze na jambo tunaloliona kila siku. Tazameni Mgenya avushaye watu mtoni. Mikono yake ina nguvu, tangu utoto amezoea kafi, naye anayajua maji ya Lualaba jinsi mkulima anavyolijua shamba lake. Asubuhi anamvusha mgonjwa aendaye hospitali. Je, nguvu za mikono yake ni mbaya? Hasha. Bila nguvu hizo mgonjwa angekufa ng'ambo. Lakini mtu yuleyule akifika katikati ya mto aweza kuliweka kafi chini, akasema: Ongezeni nauli, ama sivyo tutalala hapa. Mikono ni ileile, kafi ni lilelile, maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni moyo.

Basi tushike neno hili la kwanza: nguvu si dhambi. Nguvu za baba nyumbani, za mwalimu darasani, za chifu, za askari, za mwenye fedha, zote ni amana. Mwenye kuzipewa amepewa ili awavushe wengine. Pilato alipojisifu mbele ya Bwana wetu ya kuwa anao uwezo wa kumfungua au kumsulibisha, Yezu alimkumbusha ya kuwa asingekuwa na uwezo wowote kama asingeupokea kutoka juu. Kila mwenye nguvu ni mdeni. Ubaya huanza pale mdeni anapojidai kuwa mwenye mali.

2. Mto wetu umeona mengi

Nchi yetu ya Maniema imejifunza neno hili kwa machozi. Tukipanda mto kutoka hapa twafika Nyangwe. Pale, mwezi wa Julai mwaka 1871, watu wenye bunduki, wafuasi wa wafanyabiashara waliotoka pwani, walifyatua risasi katikati ya soko. Mamia ya watu walikufa, wengi wao wanawake waliokuja na vyungu vyao, samaki wao na mihogo yao. Wengine walizama mtoni wakikimbia. Mzungu David Livingstone alikuwapo, akayaona kwa macho yake, akayaandika. Baadaye Kasongo ikawa makao ya Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip. Na inasemwa ya kuwa jina hilo lilifuata mlio wa bunduki zake. Alikuwa tajiri wa pembe na wa watumwa, na watu wengi walimwogopa. Mwaka 1887 alifanywa liwali wa Stanley Falls. Mwaka 1905 alikufa kwao Unguja, na utawala wake katika nchi hizi ulikuwa umekwisha kuvunjika.

Maana mwaka 1892 ilitokea vita kati ya Waarabu na Dola ya mfalme Leopold. Mwaka 1893 Nyangwe ilitekwa, na Kasongo nayo ikatekwa. Wenye kushinda walisema: Tumekuja kuwaondolea utumwa. Ni kweli, biashara ya watumwa ilikoma. Lakini katika Dola ileile watu wa Kongo wakabebeshwa mzigo wa mpira na wa pembe, na fimbo ya kiboko ikatawala. Mwaka 1908 Ubelgiji ilichukua nchi kutoka mkononi mwa mfalme. Tarehe 30 Juni 1960 bendera ikabadilika tena, nasi tukashangilia, tena kwa haki. Hata hivyo mwaka haukwisha kabla damu haijamwagika.

Kwa nini tunayakumbuka haya? Si kwa kuwatukana watu wa taifa hili au lile. Ni kwa kuona ya kuwa kubadili bwana si kubadili moyo. Kila aliyekuja alisema aliyetangulia alikuwa mbaya, na mara nyingi alisema kweli. Lakini akaikalia kiti kilekile, akaishika fimbo ileile.

Walakini tazameni pia jambo la pili. Lugha hii tunayosema nanyi sasa, Kiswahili, ilifika katika nchi yetu pamoja na misafara ile ya pembe na ya minyororo. Leo kina mama wanambembelezea mtoto kwa lugha hii. Sokoni tunapatana bei kwa lugha hii. Na kanisani tunamwita Mungu Baba yetu kwa lugha hii. Kilichokuja pamoja na bunduki kimekuwa chombo cha sala. Basi asiwepo mtu wa kutuambia ya kuwa kilichoanza vibaya hakiwezi kugeuka.

3. Siku moja ya Novemba hapa Kindu

Sasa tulikaribie jambo la mji wetu wenyewe, ambalo wazee hulisema kwa sauti ya chini. Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili zilitua hapa Kindu. Zilikuwa za jeshi la Italia, zikifanya kazi chini ya Umoja wa Mataifa, na zilileta vyakula na vifaa kwa askari wa Malaya waliolinda amani. Watu waliokuja na ndege zile walikuwa kumi na watatu, na mmoja wao alikuwa mganga. Walikwenda kula chakula cha mchana katika nyumba ya maofisa wa Malaya. Askari wa jeshi la nchi waliokuwapo mjini walidhani ya kuwa hao ni askari wa Ubelgiji, au mamluki wa Katanga waliokuja kuwaua. Waliwavamia, wakawakamata, wakawaua wote kumi na watatu.

Tujiulize: askari wale walikuwa wanyama? Hapana. Walikuwa watu, wana wa watu. Walikuwa na woga na hasira za vita vya Katanga, na neno la uvumi likatosha. Mtu mwenye bunduki na woga pamoja ni hatari kuliko chui. Hapo ndipo tunapoelewa mafundisho ya Eklezia juu ya dhambi ya asili. Mungu alimwumba mtu mwema, dhambi ikamjeruhi. Haikumwua, ilimjeruhi. Akili ikatiwa giza, hata mtu akamwona mgeni aletaye chakula kuwa ni adui. Nia ikadhoofika, hata mmoja aliyependa kusema, Tuwaulize kwanza, akanyamaza kwa kuwaogopa wenzake. Nani kati yetu hajawahi kunyamaza hivyo?

Lakini habari haikuishia hapo. Inasimuliwa ya kuwa mlinzi wa gereza, aliyeachiwa miili ile, aliogopa isije ikatendewa aibu. Wakati wa usiku akaichukua kwa siri, akaizika katika makaburi ya Tokolote, karibu na mto. Mtu huyu hakuwa na cheo. Hakuweza kuzuia mauaji. Alikuwa na nguvu kidogo tu, kiasi cha kuchimba udongo, na nguvu hizo kidogo akazitumia kwa mapendo. Na kwa sababu makaburi yale yalijulikana, mwezi wa Machi mwaka 1962 miili ilirudishwa kwao Italia, ikalazwa katika mji wa Pisa, na mama zao wakajua mahali pa kuwalilia.

Mapendo, ndugu zangu, si kusema maneno matamu. Mapendo ni nguvu iliyokubali kutumika. Mwenye jeshi zima aweza kukosa mapendo, na mwenye jembe moja aweza kuwa nayo tele.

4. Imani isiyougeuza moyo

Mwaka 1964 vita vya Simba viliufikia mji wetu. Mwezi wa Julai Simba waliishika Kindu, na mwezi wa Novemba wakafukuzwa. Mnajua ya kuwa walinyunyiziwa maji ya dawa, wakaamini ya kuwa risasi za adui zitageuka maji. Tena dawa ile ilikuwa na miiko yake: asiibe, asiguse mwanamke, asitazame nyuma vitani. Aliyevunja mwiko, walisema, dawa yake imekufa.

Tulitafakari jambo hili vizuri. Hata wao walijua moyoni ya kuwa nguvu haiwezi kukaa bila sheria. Mwanadamu hulijua neno hilo popote alipo, maana Mungu ameliandika ndani yake. Lakini mwiko ule ulishikwa kwa ajili gani? Kwa kuilinda ngozi ya mwenye kuushika. Hakuacha kuiba kwa kumhurumia aliyeibiwa. Aliacha ili risasi isimpate. Ndiyo sababu wengi waliushika mwiko asubuhi wakaua jirani jioni.

Nasi Wakristu tusicheke upesi. Yupo avaaye medali ya Bikira Maria kama hirizi. Yupo amletaye mtoto kwa ubatizo ili asiugue, wala hana nia ya kumfundisha sala. Yupo akomunikaye kila Dominika na hali amemdhulumu mjane shamba lake. Imani ya namna hii yaomba nguvu za Mungu, lakini haimtaki Mungu mwenyewe. Imani ya kweli huanza pale mtu anapoacha kuuliza, Nani atanilinda? akauliza, Bwana, wataka nifanye nini?

5. Mwenyeheri Anuarite na mtu aliyemwua

Mwaka uleule wa 1964 alikuwapo sista mmoja kijana wa shirika la Jamaa Takatifu, mzaliwa wa Wamba, jina lake Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta. Simba waliwachukua masista wa Bafwabaka, wakawafikisha Isiro, ambayo siku zile iliitwa Paulis. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, Kanali Olombe alitaka kumchukua kwa nguvu. Anuarite akakataa. Kanali alikuwa na bunduki, na askari, na usiku mzima. Sista alikuwa na neno moja tu, Sitaki. Akapigwa, akachomwa, akapigwa risasi. Na kabla ya kufa alimwambia mtu yule ya kuwa amemsamehe, kwa kuwa hakujua alilolitenda.

Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenyeheri, na wazazi wake walikuwapo. Na katika misa ileile Baba Mtakatifu alimsamehe aliyemwua, kwa jina la Eklezia yote. Basi, katika usiku ule wa Isiro, mwenye nguvu alikuwa nani? Kanali aliweza kuua, lakini hakuweza kulipata alilolitaka. Sista hakuweza kuuokoa mwili wake, lakini moyo wake haukutekwa.

Hapa lipo pia jibu, si jibu lote, la swali la pili la mama yetu. Mungu alikuwa wapi? Mungu alimwumba mtu huru, wala haufungi mkono wa mtu kama mchezaji afungavyo sanamu kwa nyuzi. Lakini hakukaa mbali. Katika Yezu Kristu amekubali kuwa upande wa anayepigwa, anayebebeshwa mzigo, anayekufa njiani bila kuzikwa na mama yake. Mama, usiku ule Mungu hakuwa pamoja na wenye bunduki. Alikuwa pamoja na mwanao chini ya mzigo. Hatuwezi kukueleza zaidi ya hapo, wala hatutaki kukudanganya kwa maneno mengi.

6. Aweza kugeuka?

Turudi katika swali la kwanza. Ndiyo, mtu aweza kugeuka. Kijana mmoja aitwaye Sauli alizilinda nguo za watu waliomwua Stefano kwa mawe, na baadaye akawa Mtume Paulo. Lakini mkumbukeni na Anania, Mkristu wa Damasko. Bwana alipomtuma kwa Sauli, Anania aliogopa, akamweleza Bwana mabaya yote aliyoyasikia juu ya mtu huyo. Wala Bwana hakumkemea kwa woga wake. Mwisho akaenda, akamwekea mikono, akamwita ndugu. Neno lile lilimgharimu Anania, nasi tusilifanye kuwa jepesi.

Kugeuka kuna alama zake. Eklezia inatufundisha ya kuwa mwenye kujuta lazima aukiri ukweli na kutengeneza alichokiharibu, kadiri awezavyo. Ubatizo waondoa dhambi zote. Hauondoi deni la mali iliyoibiwa, wala deni la ukweli uliofichwa.

Kwa hiyo twasema na wewe, ndugu uliyeketi katika benchi la wakatekumeni, ikiwa unatusikiliza. Unataka maji ya ubatizo. Vema, Mungu amekuita. Lakini yupo mama asiyejua mahali mwanawe alipolala. Labda wewe unapajua. Kabla ya Pasaka, mwende padri na katekista, mwende na mzee wa ukoo wako, uende kwa mama yule. Usiende kuomba msamaha kwanza. Nenda kusema kweli: alianguka wapi, siku gani, nani alimzika au kama hakuzikwa. Mlinzi yule wa gereza alichimba kaburi kwa ajili ya wageni. Wewe huwezi kulionyesha kaburi la jirani? Na kama sheria ya nchi itakuuliza, usikimbie. Aliyekufa katika maji ya ubatizo ili afufuke pamoja na Kristu, aogope nini tena?

7. Jibu kwa mama

Nawe mama yetu mpenzi, umeuliza ufanye nini siku atakapokunyoshea mkono. Sikiliza. Kusamehe si kusema ya kuwa hakikutokea kitu. Kusamehe si kuuzuia ukweli mbele ya hakimu. Kusamehe si kuacha kumlilia mwanao. Kusamehe ni kukataa kuwa yule mtu aliyekuibia mwana akuibie na moyo. Jambo hili hufanyika polepole, kama maji ya mto yanavyopungua baada ya mafuriko. Hapana awezaye kuyaamrisha yapungue kwa siku moja.

Mtu asikulazimishe. Ikiwa siku ya Pasaka mkono wako utakuwa mzito, uache uwe mzito, umwambie Bwana: Tazama, huu ndio mkono wangu. Ikiwa bado huwezi kumwombea mtu yule, mwombee mtoto wake mdogo, asije akashika bunduki. Hiyo ni sala. Mungu ataihesabu.

Maswali ya kukumbuka

Swali: Nguvu hutoka wapi?
Jibu: Hutoka kwa Mungu, na mwenye kuzipewa ni mdeni wake na wa watu.

Swali: Kwa nini kubadili mtawala hakutoshi?
Jibu: Kwa sababu ubaya haukai katika kiti, hukaa katika moyo uliojeruhiwa na dhambi.

Swali: Imani ya kweli yajulikanaje?
Jibu: Kwa kuwa humgeuza mtu ampende jirani, wala si kumlinda mwenye kuamini tu.

Swali: Mwenye kujuta afanye nini?
Jibu: Akiri ukweli, atengeneze alichoharibu, aombe msamaha, asimlazimishe aliyekosewa.

Kazi ya juma hili. Kila mmoja wetu akumbuke nguvu moja aliyo nayo: ya mkono, ya ulimi, ya fedha, ya cheo. Ajiulize: juma hili nimemvusha nani nayo, na nani nimemwacha katikati ya mto?

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyempa Mwenyeheri Anuarite moyo wenye nguvu kuliko bunduki, utazame nchi yetu ya Maniema. Uwape raha ya milele wote waliouawa hapa Kindu, wenyeji na wageni, na wote waliolala msituni bila msalaba. Uwafariji mama zao. Uwape ujasiri wa ukweli waliomwaga damu. Uutengeneze moyo wetu uliojeruhiwa, ili nguvu zote ulizotupa ziwe za mapendo. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.

Wasikilizaji wapendwa, kwaherini mpaka somo lijalo. Na mama yetu uliyetuandikia, ukipata nafasi, utuandikie tena.

Tumsifu Yezu Kristu.